Nilinganisheje maduka ya aiskrimu ya Dar es Salaam?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nimehamia Dar kutoka Iringa, huu mwaka wa pili, naishi Tabata. Kila mtu hapa ana duka la aiskrimu analolisifia. Mmoja ananipeleka duka la zamani la mjini upande wa Kisutu, mwingine ananivuta kwenye koni za mashine kwenye maduka makubwa, na jirani yangu haambiwi kitu kuhusu duka moja la Sinza. Nimejaribu kulinganisha nimeshindwa, maana duka lile lile leo tamu, kesho lina chengachenga za barafu. Nitajuaje lipi zuri kweli? Na je, naweza kumpelekea dada yangu Morogoro ikafika salama?"

Marahaba. Ulimi wako hauna tatizo. Kinachokuchanganya ni kwamba umeweka pamoja vitu vinne vitano vyenye jina moja, halafu umevionja siku tofauti, kila friza ikiwa na hali yake. Duka linaweza kukupa aiskrimu nzuri Jumatano na mbaya Jumamosi bila mtengenezaji kubadilisha chochote. Kabla ya kusema duka gani bora, jua kwanza umepewa nini na kimehifadhiwaje.

Anza kwa kuzitenga. Aiskrimu ya kuchota, ile ya skupu, huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, na huuzwa ikiwa kati ya -12 na -14. Koni laini ya mashine hutoka ikiwa -5 hadi -7 tu, na karibu nusu ya maji yake bado hayajaganda. Baridi kali hupunguza uwezo wa ulimi kusikia utamu, ndiyo maana koni ya mashine huonekana tamu kuliko ya skupu hata pale ambapo ya skupu imetengenezwa kwa maziwa na krimu bora zaidi. Kulfi ni maziwa yaliyochemshwa taratibu mpaka yakapungua na kuwa mazito, yakatiwa sukari na iliki, pengine zafarani na pistachio, kisha yakagandishwa bila kukorogwa. Haina hewa ya maana ndani yake, kwa hiyo ni nzito na ngumu kwa asili, na ukiihukumu kwa ulaini utaionea. Ile ya kukunja, inayomwagwa kwenye sahani ya baridi na kukwanguliwa mbele yako, ubora wake wote uko kwenye mchanganyiko wa maji uliotoka kwenye jagi, kwa hiyo angalia hilo jagi linakaa wapi: ndani ya friji au juu ya kaunta? Barafu za ukwaju na ubuyu za mtaani ni maji, tunda na sukari. Nazipenda, lakini hazimo kwenye mashindano haya.

Ukishazitenga, linganisha vanila na vanila, ya skupu na ya skupu. Najua vanila inaonekana ya kawaida mno. Ndiyo sababu inafaa: chokoleti na kahawa zina nguvu ya kufunika maziwa ya unga yaliyozeeka, na biskuti zilizopondwa hufunika karibu kila kosa la ulaini. Vanila haina pa kujificha.

Uzito kabla ya ladha

Aiskrimu huuzwa kwa ukubwa lakini hutengenezwa kwa uzito. Tofauti kati ya hivyo viwili ni hewa inayoingia wakati wa kukoroga. Hewa si udanganyifu. Bila hewa ungepata jiwe la barafu ya maziwa lisilochoteka. Suala ni kiasi. Mchanganyiko usio na hewa una uzito wa takriban gramu 1,100 kwa lita. Ukiingizwa hewa sawa na ujazo wake wenyewe, tunasema hewa asilimia 100, na lita inabaki gramu 550. Aiskrimu za bei ya chini mara nyingi huwa karibu na hapo. Za daraja la juu huwa kati ya asilimia 20 na 50, na zile za mtindo wa Kitaliano huwa karibu na mwanzo wa kipimo hicho.

Unaweza kupima mwenyewe kwa mizani ya jikoni. Nunua kopo la nusu lita lililojazwa na kufungwa kiwandani au dukani, toa uzito wa kopo tupu, kisha gawa 550 kwa gramu ulizopata. Ukipata gramu 330, jibu ni 1.67, maana yake hewa ni asilimia 67. Ukipata 420, hewa ni kama asilimia 31. Kopo ambalo muuzaji amelijaza mbele yako kwa kushindilia halitakupa kipimo sahihi, kwa sababu kushindilia kunatoa sehemu ya hewa. Hata hivyo ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua hilo lililoshindiliwa, maana unapata aiskrimu nyingi zaidi kwenye kopo lile lile.

Kwa skupu, omba kikombe badala ya koni, na uende na mizani ndogo kwenye mkoba. Skupu moja ya mililita 60 yenye hewa asilimia 100 ina gramu 33 hivi, na yenye hewa asilimia 25 ina gramu 53. Kwa macho ni sawa kabisa. Sasa piga hesabu ya bei. Tuseme, kwa mfano tu, duka moja linauza skupu kwa shilingi 3,000 na uzito ni gramu 50, jingine linauza shilingi 4,000 na uzito ni gramu 80. La kwanza limekutoza shilingi 60 kwa gramu, la pili shilingi 50. Lile uliloliona ghali ndilo rahisi. Pima skupu mbili au tatu za siku tofauti, kwa sababu mkono wa mchotaji nao unabadilika: mwingine anaburuta kijiko taratibu na kukunja mwiringo wenye uwazi katikati, mwingine anakandamiza.

Friza ndiyo inayoamua

Hapa ndipo pa kuweka akili yako yote, na ndipo penye jibu la zile chengachenga zako.

Aiskrimu ikitengenezwa vizuri, vipande vya barafu ndani yake ni vidogo mno, wastani wake ukiwa chini ya milimita 0.05, na ulimi hauvihisi. Friza ikipata joto kidogo, kwa umeme kukatika au mlango kuachwa wazi mchana wa Januari, vile vidogo kabisa huyeyuka kwanza. Baridi ikirudi, maji yale hayatengenezi vipande vipya vidogo. Yanakwenda kujiganda kwenye vile vikubwa vilivyobaki. Rudia hivyo mara tano na una aiskrimu inayokwaruza. Haikuhitaji hata kuyeyuka kwa macho. Kupanda kutoka -18 hadi -10 na kushuka tena, siku baada ya siku, kunatosha. Hakuna njia ya kuirekebisha ikishafika hapo, ila kuiyeyusha yote na kuikoroga upya kwenye mashine.

Kwa hiyo ukiingia dukani, kabla ya kuangalia orodha ya ladha, angalia haya. Je, kuna jenereta au betri ya akiba, na umeme ukikatika nani anaiwasha? Je, friza ya maonyesho inafunikwa wakati hakuna mteja? Aiskrimu iliyorundikwa kilima juu ya ukingo wa trei inapendeza kwenye picha, lakini hewa baridi hukaa chini, na sehemu iliyo juu ya ukingo inakuwa na joto kuliko iliyo chini. Uso unaong'aa kama umepakwa mafuta umeanza kuyeyuka. Uso mkavu, mgumu, wenye nyufa au unga mweupe wa barafu, umekaa siku nyingi. Kwenye kopo lililofungwa, fungua kifuniko: barafu nyingi upande wa ndani, au aiskrimu iliyojitenga na kingo za kopo na kushuka, zote zinasema joto limepanda na kushuka na hewa imetoka.

Kuna kipimo kimoja ninachokipendekeza sana kwa sababu kinatenga friza na mapishi. Nunua kikombe cha aina moja cha kiwandani, tuseme cha Azam, ambacho utakipata karibu kila mtaa wa Dar kuanzia kwenye friza za maduka hadi kwenye masanduku ya wauzaji wanaotembeza. Kinunue kwenye maduka mawili unayoyalinganisha, ladha ile ile, na uangalie tarehe za kutengenezwa zikaribiane. Kimetoka kiwanda kimoja kwa mapishi yale yale. Kimoja kikiwa laini na kingine kina chenga, kilichotofautiana ni safari na friza. Duka ambalo haliwezi kutunza kikombe kilichofungwa haliwezi kutunza trei iliyo wazi.

Duka lenye wateja wengi lina faida nyingine hapa. Trei inayokwisha ndani ya siku moja au mbili haipati muda wa kuharibika. Duka tulivu lenye ladha 32 kwenye friza moja linanitia wasiwasi kuliko lenye ladha nane. Ladha ya tatu kutoka pembeni, ile isiyoagizwa na mtu, ina umri gani?

Mdomoni

Ipe skupu dakika mbili tatu kwenye kikombe, isogee karibu na -10, ndipo uonje. Usiitafune. Ibane kati ya ulimi na kaakaa na usikilize.

Chenga zinazoyeyuka na kuacha maji ni barafu, na sababu umeshaiona. Chenga ambazo haziyeyuki haraka, zinazokaa kama mchanga laini, ni jambo jingine: ni sukari ya maziwa iliyoganda. Hutokea mtengenezaji anapozidisha maziwa ya unga ili kupata uzito kwa bei nafuu, na huzidi aiskrimu ikikaa muda mrefu. Ikinata na kutafunika kama chingamu, imezidishiwa gamu ya guar au vishikizo vya aina hiyo (viambato vya kuifanya iwe nzito na ishikamane), ambavyo kwa kawaida havitakiwi kuzidi asilimia 0.5 ya mchanganyiko. Ikiwa nyepesi, inapotea mdomoni kama povu, rudi kwenye mizani yako. Punje ndogo za siagi zinazobaki kwenye meno zinamaanisha mafuta yamejikusanya kwa kukorogwa kupita kiasi, kosa la kawaida la mashine za koni zinazokaa saa nyingi bila mteja huku mchanganyiko ule ule ukizungushwa.

Halafu kuna utando. Ukimaliza kumeza, pitisha ulimi kwenye kaakaa. Mafuta ya maziwa huyeyuka yote kwenye joto la mwili, na mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo yote mawili husafika mdomoni. Baadhi ya mafuta magumu ya mawese huhitaji joto zaidi ya hilo, na ndiyo yanayoacha utando kama wa mshumaa. Kwenye bidhaa yenye lebo huhitaji kubahatisha: soma kama imeandikwa krimu na mafuta ya maziwa, au mafuta ya mimea. Aiskrimu ya maziwa iliyo sawa huwa na mafuta ya maziwa kuanzia asilimia 10, na nzuri sana hufika 14 hadi 16. Yenye mafuta ya mimea inaweza kuwa salama na tamu, ila isiuzwe kwa bei ya krimu.

Kipimo cha kuyeyuka ukifanyie nyumbani. Weka skupu mbili za maduka mawili kwenye vichujio vya chai juu ya glasi, kivulini, wakati mmoja. Kwenye nyuzi 30 za Dar utaona matone ndani ya dakika kumi hivi. Inayoyeyuka kuwa kimiminika laini chenye uzito wa krimu imetengenezwa vizuri. Inayoacha majimaji ya kijivu chini na mabonge juu, maziwa yake yamekatika. Inayokaa nusu saa ikiwa imesimama haijashinda kwa ubora, kama watu wengi wanavyodhani. Mara nyingi ni hewa nyingi na vishikizo vingi, hewa ikizuia joto kuingia.

Ladha na rangi

Pistachio halisi ina kijani kilichofifia, karibu na kaki. Ndizi halisi ni nyeupe ya kijivujivu. Kijani cha bendera na njano ya limau ni rangi na arki. Vile vidoti vyeusi kwenye vanila navyo visikubabaishe: maganda ya vanila ambayo ladha imeshanyonywa yote huweza kusagwa na kutiwa kwa ajili ya sura tu. Ladha ya vanila ya kweli huja polepole na kubaki baada ya kumeza, na tuna vanila inayolimwa Kagera na Uganda, kwa hiyo duka la Dar lenye nia halina kisingizio. Muulize mwenye duka. Anayetumia ya kweli atakuambia kwa furaha anakoinunua.

Kwa matunda, onja kwa msimu. Aiskrimu ya embe ya Desemba na ya Juni haziwezi kufanana, maana ya Juni inatokana na embe zilizogandishwa au rojo la kopo. Embe lina maji zaidi ya asilimia 80, na mtengenezaji anayelimwaga bila kupunguza maji mengine kwenye mchanganyiko atapata barafu yenye rangi ya embe. Kwa ukwaju, ubuyu na pasheni mtihani ni mgumu zaidi, kwa sababu uchachu wake hukata maziwa. Fundi anayejua hupoza kwanza mchanganyiko wa maziwa mpaka nyuzi 4, hulaza saa nne au usiku mzima, na hutia tunda dakika ya mwisho kabla ya mashine kuanza kugandisha. Stafeli ndiyo ladha ambayo ningeitumia kumpima fundi wa Dar baada ya vanila: harufu yake ni nyepesi, inazimwa kirahisi na sukari, na ikitoka vizuri basi ujue mkono wake unajua kiasi.

Usionje maduka zaidi ya matatu kwa siku. Anza na vanila, fuatisha matunda, malizia chokoleti, na kati yake kunywa maji yasiyo baridi. Rudi kila duka mara mbili: mara moja jioni ya wikendi watu wakiwa wengi, na mara moja saa nane mchana siku ya kazi, hasa siku ambayo umeme umesumbua.

Usafi

Hapa sitoi alama. Duka linapita au halipiti. Kijiko cha kuchotea kikilazwa kwenye kikopo cha maji yaliyokuwa meupe kwa maziwa, kwenye joto letu, hayo ni makazi ya vijidudu. Maji yawe yanatiririka, au kijiko kisuuzwe na kukaushwa kila mara. Mashine ya koni nayo uliza inafunguliwa lini kuoshwa. Mashine za kawaida hufunguliwa na kuoshwa kila siku, isipokuwa zile zenye mfumo wa kujipasha moto usiku, ambazo huenda siku zaidi. Muuzaji asiyejua jibu amekujibu. Kama ni mjamzito, koni za mashine ningeziacha kabisa, kwa ajili ya bakteria aina ya listeria wanaoweza kuishi na kuzaana hata kwenye baridi ya friji. Mwenye mzio wa karanga au pistachio aombe kijiko safi na trei ambayo haijafunguliwa. Na bidhaa ya kiwandani iwe na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe zinazosomeka.

Kwa maduka yako matatu, basi, kulfi au skupu ya Kisutu usiishindanishe na koni za mashine. Shindanisha Kisutu na Sinza kwa vanila, mizani na kile kikombe cha kiwandani. Zikikaribiana, mimi ningechagua lenye jenereta na foleni ya wateja kuliko lenye mapishi mazuri na friza inayosuasua.

Morogoro

Inawezekana, iwe kwa treni ya SGR au kwa basi, lakini usipige hesabu ya safari peke yake. Hesabu kutoka mlango wa duka mpaka friza ya dada yako, pamoja na foleni ya Dar, na uweke saa nne hadi tano.

Siku moja kabla, changanya gramu 100 za chumvi kwa kila lita ya maji, kama vijiko vitano hadi sita vya chakula, jaza chupa za plastiki robo tatu tu na uzigandishe saa 24. Maji ya chumvi hiyo huanza kuganda karibu na nyuzi 6 chini ya sifuri, kwa hiyo yakiyeyuka njiani yanashikilia kopo kwenye baridi hiyo badala ya sifuri ya barafu ya kawaida. Kuluboksi nalo lilale na chupa moja ya barafu ndani ili kuta zake zipoe.

Dukani omba kopo kutoka friza ya nyuma, ile ya kugandishia, usikubali la kwenye kioo cha maonyesho. Chukua kopo moja kubwa badala ya mawili madogo, maana dogo hupata joto haraka. Chupa mbili chini, kopo katikati, chupa mbili juu, nafasi zote zijazwe magazeti, kifuniko kizungushiwe utepe wa gundi na kisifunguliwe njiani hata kwa kuchungulia.

Ikifika ikiwa laini lakini imeshika umbo, iingie friza mara moja na iliwe siku hiyo au kesho yake. Ikifika kimiminika lakini bado baridi ya friji, mpigie dada yako milkshake papo hapo, isigandishwe tena. Ikiwa imeshapata joto la chumba, mwaga. Na ukitaka kupunguza wasiwasi, mpelekee kulfi: haina hewa ya kupoteza, na ikilainika kidogo ukingoni kisha ikagandishwa tena, atakayeila hataona tofauti kubwa.